Kaka Bahasha na Hadithi Iliyogonga Milango Miwili

Ndugu zangu wafiwa, majirani, wafanyakazi wenzake wa masjala ya ofisi ya ardhi, wanafunzi wake wa Jumamosi, na ninyi wengine mlioacha shughuli zenu asubuhi hii, poleni kwa kusimama juani, waliokosa viti wasogee ukutani kwenye kivuli, sitawaweka sana. Mimi ni mdogo wa marehemu, yeye ndiye aliyeniachia ziwa la mama, na kikao cha familia kilichokaa juzi kimenipa kazi ya kuwasomea historia ya maisha yake, pamoja na onyo kwamba nisome kilichoandikwa na nisiongeze chumvi. Wanaonijua wanajua kwamba onyo hilo limetolewa na watu wenye matumaini makubwa.

Kaka yetu alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika wodi ya wazazi ya hospitali ileile ambako mama yetu alikuwa akifua shuka, akiwa mtoto wa tatu kati ya wanne wa mlinzi wa ghala la pamba na mkewe, na wakubwa wetu wawili wote wametangulia mbele ya haki. Mama alikuwa akisimulia kwamba kaka alichelewa wiki mbili kuja duniani, na alipokuja hakulia mpaka mkunga alipomfinya, akatoa sauti moja tu ya kuitikia kisha akanyamaza, ilhali mimi nilizaliwa koridoni kabla kitanda hakijatandikwa. Tofauti yetu ilianzia hapo, na tulikwenda nayo hivyo miaka yote.

Kuhusu elimu, marehemu alianza shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya kituo cha reli mwezi Januari 1959, akamaliza mwaka 1966, akaendelea na sekondari kuanzia 1967 hadi 1970, kisha akasoma ukarani na utunzaji wa kumbukumbu kwa miezi tisa, akafaulu vizuri. Wakati akiwa darasa la sita mwalimu alimrudishia insha yake ikiwa na neno moja, rudia, naye akairudia mara nne bila kuambiwa tena, mpaka mwalimu akaja nyumbani kumwomba mama amzuie, kwa kuwa madaftari yalikuwa yanakwisha.

Tarehe 3 Januari 1972 aliajiriwa katika ofisi ya ardhi, masjala, chumba namba sita, na humo alikaa miaka thelathini na tisa bila kuomba uhamisho, hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2011 akiwa mkuu wa masjala. Mliofanya kazi naye mnakijua chumba kile, rafu za mbao kutoka sakafuni hadi darini, dirisha moja linalotazama banda la baiskeli, meza yenye trei mbili, ya barua zinazoingia na ya zinazotoka, na daftari kubwa la jalada gumu ambalo hata mkurugenzi alilazimika kulisaini kabla ya kuondoka na faili. Kwake yeye faili lililotoka bila sahihi lilikuwa faili lililoibwa, hata kama limekwenda chumba cha pili, na mkurugenzi mmoja aliyebisha alisimamishwa mlangoni dakika kumi na mbili, akasaini huku akicheka.

Kazi ile ilimpa mkate, lakini alichokipenda kaka yangu kuliko vyote, wifi atanisamehe, kilikuwa kuandika hadithi fupi na kuzituma kwenye majarida. Alianza mwaka 1974, na kwa kuwa kila wiki alionekana akielekea posta na bahasha ya kaki kwapani, mtaa ukamwita Bahasha, jina likamkaa, hata watoto wake shuleni waliitwa watoto wa Bahasha. Alituma hadithi arobaini na tatu, zikarudi zote arobaini na tatu, ya arobaini na nne ikachapishwa mwezi Septemba 1983, katika lile jarida la kila mwezi ambalo kila mwandishi wa nchi hii alitaka kuchapishwa humo.

Arobaini na tatu! Mimi ningeacha ya tatu, na kabla ya kuacha ningekwenda na kiatu mkononi kumuuliza huyo mhariri alisomea wapi. Kaka hakuwa hivyo. Alichapa upande mmoja wa karatasi, akaacha nafasi pembeni ili mhariri apate pa kuandikia, akaweka jina lake ukurasa wa kwanza na namba kila ukurasa, akaambatisha barua fupi isiyojisifu, na bahasha ya pili yenye stempu na anwani yake mwenyewe, ili anayekataa asipate hata usumbufu wa kutafuta bahasha. Alisubiri miezi mitatu kamili ndipo aulize, na aliuliza mara moja tu. Jibu la kukataliwa likifika alilisoma, akalikunja, akaliweka chini ya redio siku saba, ndipo akalisoma tena, kwa maelezo kwamba mara ya kwanza barua kama ile inasomwa na moyo, na moyo haujui kusoma. Hakuwahi kubishana na mhariri hata kwa nukta moja. Na juu ya hayo yote alikuwa na sheria moja aliyoishika kama amana, kwamba hadithi ikishatumwa kwa mhariri mmoja haitumwi kwa mwingine mpaka yule wa kwanza ajibu, kwa sababu mtu anayesoma kazi yako amekupa muda wake, na huwezi kumpa muda huohuo mtu mwingine kwa siri.

Siku moja mwaka 1986 jarida lilikosea, likamrudishia hadithi ya mtu mwingine asiyemjua, pamoja na barua ya kukataliwa ya huyo mtu, na kaka badala ya kuitupa alitafuta anwani, akampelekea mwenyewe kwa posta, akaongeza kikaratasi kusema kwamba ukurasa wa tatu ni mzuri na asiuguse. Mwenye hadithi alikuwa fundi wa saa, ndiye yule pale amevaa koti la bluu, na urafiki wao ulianzia kwenye kikaratasi kile.

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 8 Desemba 1979, na wifi yangu mpenzi, fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule. Barua ya uchumba ninayo habari zake, wifi usiiname, ilichapwa kwa taipureta, ina nafasi pande zote mbili, na ilimalizia kwa kusema kwamba anasubiri jibu kwa heshima, na hata likiwa la kukataa atashukuru. Wifi alikaa nayo miezi minne kwa makusudi, akapokea ukumbusho mmoja mfupi wenye adabu, ndipo akakubali, maana alishaona kwamba mwanamume huyu hataleta wa pili, wala hatakwenda kugonga kwa jirani. Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kwanza wa kiume aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1981, ambaye ni fundi mkuu wa maji, wa pili wa kike wa tarehe 19 Agosti 1984, mkunga, na wa tatu wa kike wa tarehe 7 Novemba 1988, mwalimu wa hesabu, pamoja na wajukuu sita.

Sasa, ndugu zangu, hapa kwenye karatasi niliyopewa pameandikwa hivi, kwamba mwaka 1998 marehemu alitofautiana na jarida moja, baadaye yakaisha. Hayakuisha. Mpwa wangu, naona unanitolea macho, wewe ni mtoto wa kaka yangu nami ni shangazi yako, nimekubeba mgongoni, niache niseme. Nilipokiomba kikao niliseme hili hakikunikatalia kwa ubaya, kilitaka kunisitiri, na mimi nimesitiriwa miaka ishirini na sita, inatosha.

Tarehe 3 Februari 1997 kaka alituma kwenye jarida la kila mwezi hadithi kuhusu mwanamke anayefua shuka za hospitali, na kila aliyemjua mama yetu angemtambua mle ndani, mpaka namna alivyokuwa akinusa shuka kabla ya kuikunja. Niliisoma jikoni kwake nikalia mbele ya watoto. Mwezi Mei akauliza kwa barua yake moja, kimya, Juni kimya, Septemba kimya, mama wakati huo anaumwa na macho yanafifia, nami nataka aione hadithi yake ikiwa imechapishwa akiwa bado anaweza kuiona, na kila nikimwambia kaka ipeleke kwingine ananijibu kwamba bado iko mezani kwa mtu. Damu ikanichemka. Siku ya Jumatatu tarehe 17 Novemba, yeye akiwa kazini na wifi amekwenda kupeleka sare, nilifungua droo yake, nikatoa nakala ya kaboni, nikakaa kwenye taipureta yake, nikaandika barua kwa jina lake kwenda kwa jarida la kina mama linalotoka kila Alhamisi, nikaandika kwa mkono huu kwamba hadithi hii haijatumwa kwingine kokote, nikaweka sahihi yake, ambayo naijua kama njia ya jikoni kwangu, nikatia stempu, nikatuma.

Tarehe 12 Januari 1998 barua ikaja kutoka jarida la kila mwezi, kumbe mhariri aliipenda hadithi tangu siku ya kwanza, alikuwa ameishikilia ili ifungue toleo la Aprili la kutimiza miaka ishirini na mitano, na barua yake ya mwezi Juni ilipotea njiani. Kaka alisimama katikati ya chumba akaisoma mara tatu, yeye ambaye hakuwa na haraka, akacheka peke yake, akamkumbatia wifi mbele yetu. Siku ile ndipo nilipopaswa kusema. Barua moja kwa jarida la kina mama, samahanini, hadithi tunaiondoa, ingemaliza mambo yote, lakini nilimtazama alivyofurahi nikaogopa, nikajipa moyo kwamba wale wa pili hawakujibu kitu, labda wameitupa.

Hawakuitupa. Siku ya Alhamisi tarehe 9 Aprili 1998, asubuhi, nikielekea kazini, niliiona kwa muuza magazeti wa karibu na posta, hadithi ya kaka yangu, jina lake juu, katika jarida la kina mama, na pembeni yake jarida la kila mwezi lenye hadithi ileile, jina lilelile. Nikanunua nakala zote saba alizokuwa nazo, kana kwamba nchi nzima ina muuza magazeti mmoja, nikazikumbatia, nikaenda masjala, nikazimwaga juu ya trei ya barua zinazoingia. Kaka aliangalia majarida, akaangalia uso wangu, hakuuliza ni nani. Aliniambia maneno matatu, umenipenda kwa pupa, kisha akavuta kiti akanikalisha, akaenda kuniletea maji.

Wakati huo nilikuwa mpiga chapa wa mahakama, nikiwa bado kwenye kipindi cha majaribio, na watoto wawili ambao baba yao alishaondoka, na mpiga chapa wa mahakama aliyeghushi sahihi hana kazi siku ya pili yake. Kaka alilijua hilo kabla mimi sijalifikiria. Aliandika barua mbili za kuomba radhi kwa wahariri wote wawili, nami nilizisoma, fupi kama kawaida yake, zikisema kwamba hadithi ilitoka nyumbani kwake, kwa hiyo kosa ni lake, na hana la kujitetea. Jarida la kina mama lilisamehe. Toleo la Juni la jarida la kila mwezi, ukurasa wa mwisho, likatoa mistari minne, ikimtaja kwa jina lake kamili, kwamba mwandishi huyu amewadanganya wahariri wawili kwa maandishi, na kazi zake hazitasomwa tena katika ofisi hii. Mama alisomewa hadithi yake, mistari ile hakusomewa, akafariki mwezi Oktoba akijisifu kwa manesi.

Watu walimshauri atumie jina la bandia, akakataa, akasema mtu aliyefungiwa mlango haingii kwa dirisha. Jumamosi tarehe 6 Februari 1999 alianzisha darasa la waandishi katika chumba cha nyuma cha karakana ya wifi, kati ya marobota ya vitambaa, akianza na fundi wa saa na wengine wanne, na siku ya kwanza ya kila kundi jipya alibandika ukutani ule ukurasa wenye mistari minne, akawaambia kwamba anayetajwa hapa ni mimi, msije mkafanya hivi. Mimi ndiye niliyekuwa naleta chai. Nilikuwa nasikia. Makundi kumi na nane, ndugu zangu, nimesikia maneno yale mara kumi na nane, nimeshika sinia, na hakuna hata mara moja aliyogeuza shingo kunitazama.

Wanafunzi wake kumi na tisa wamechapishwa katika jarida hilohilo, na aliwakataza wote wasimtaje katika barua zao, asije akawafungia mlango kwa jina lake. Kila mmoja wao alipochapishwa, kaka alinunua nakala, akaisoma kwa sauti darasani, akapiga makofi ya kwanza. Kama kulikuwa na wivu sikuuona, nami nilikuwa nautafuta, kwa sababu ungenipunguzia deni.

Mwezi Agosti 2022 marehemu alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi, akapimwa hospitali ya rufaa, ikaonekana moyo umepanuka, akatibiwa akiingia na kutoka wodini, akapata nafuu, na mwezi Mei mwaka huu hali ikabadilika. Nilikuwa nalala kwenye kiti karibu naye, na siku moja mchana nilimwambia kwamba nataka kwenda kwa mhariri kusema ukweli, yeye akiwa hai. Akasema mhariri ana kazi nyingi. Nikalia, nikamwambia siwezi tena. Akasema basi sema nitakapokuwa nimelala, kwa sababu hapo hata nikitaka sitaweza kukunyamazisha, akacheka mpaka nesi akaja kumrekebishia hewa. Alifariki siku ya Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa nne na dakika arobaini asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Siku iliyofuata, mimi na wifi tukitafuta kitambulisho chake, tulivuta sanduku lililokuwa chini ya kitanda, tukakuta bahasha ishirini na tano, moja ya kila mwaka, kutoka 1999 hadi 2023, zote zina anwani ya jarida la kila mwezi, ndani ya kila moja hadithi, bahasha ya kurudishia, na barua yenye tarehe, na kila barua inasema kwamba hadithi hii haijatumwa kwingine kokote. Ni kweli, haikutumwa. Nyingine alizipeleka kwenye vijarida vidogo, lakini kila mwaka ile aliyoiona bora aliiweka kwa ajili ya mlango uliofungwa, akalishika neno lake mpaka mwisho, wala hakumwambia mtu yeyote nyumbani mle.

Familia inawashukuru madaktari na manesi wa wodi namba tatu, waliomwita mzee wetu na wakamaanisha, majirani waliotupikia na kutufagilia uwanja siku hizi zote, wafanyakazi wa ofisi ya ardhi waliotoa gari na jeneza, wanafunzi wa Jumamosi waliochimba kaburi wenyewe wakakataa kusaidiwa, na kila mmoja wenu ambaye nikianza kumtaja nitamsahau mwenzake, mtuwie radhi.

Na wa mwisho ni wewe, mama mhariri wa jarida la kila mwezi, uliyeketi safu ya tatu karibu na fundi wa saa, ambaye ndiye aliyekupigia simu, nawe ukaja kumzika mtu unayeamini kwamba alikudanganya, jambo ambalo wengi tusingeliweza. Kaka yangu hakukudanganya. Mwongo ni mimi, mbele ya mke wake, watoto wake, na yeye mwenyewe hapa alipolala, na nakuomba umsafishe jina, mimi unifanye unavyotaka. Zile bahasha ishirini na tano ziko mezani kwa wifi. Nilitaka kuzileta ofisini kwako juzi, nilishafika mpaka kituo cha basi nazo, nikarudi, kwa sababu ulisema zisiletwe, na amri hiyo hujaiondoa. Kwa hiyo nakuuliza kwa adabu, mara moja tu, kama zinaweza kuletwa, na hata ukizisoma zote ukazikataa zote tutakushukuru, jibu lako lichukue muda wake, mwaka ukipita sitauliza tena wala sitazipeleka kwingine.

Pumzika kwa amani, kaka yangu. Nasubiri.